Nati ya gitaa ni nini, na kwa nini gitaa halishiki tyuni hata ukibadilisha funguo

Kwanza tuelewane kwenye jina, maana hapo ndo watu wanapoteana. Ukiingia duka la spea ukasema nataka nati utaulizwa namba 10 au namba 13, na muuzaji wala hajakosea. Nati ya gitaa ni kitu kingine kabisa. Ni kile kipande chembamba, mara nyingi cheupe au cheusi, kilicholala kukatiza shingo pale ubao wa freti (vile vyuma vyembamba unavyobonyezea nyuzi) unapoishia na kichwa kinapoanza, kina mifereji sita, kila uzi unapita kwenye wa kwake ukielekea kwenye funguo za kukazia. Kwenye gitaa la umeme la kawaida kina urefu wa kama milimita 42 au 43 na unene wa 3 mpaka 5, yaani ukikiangusha chini ya kitanda unaweza usikione tena. Wajerumani wanakiita Sattel, tandiko. Wahispania wanakiita cejuela, jina lililotoka kwenye nyusi. Na kwenye udi, huu huu wa taarab, Waarabu wanakiita anf, yaani pua. Mi naona pua ndo jina lake hasa, maana ikiwa na shida gitaa zima linakoroma.

Sasa kazi yake. Uzi wa gitaa ukiupiga bila kubonyeza popote unatetemeka kati ya sehemu mbili tu, nati huku na briji kule, kile kipande kinachobeba nyuzi kwenye mwili wa gitaa, basi. Kwa hiyo nati ndo mwanzo wa kipimo chote. Gitaa la aina ya Fender urefu huo ni inchi 25 na nusu, kama milimita 648, na freti ya 12 iko katikati kabisa, milimita 324 kutoka kwenye nati. Freti zote zimepigiwa hesabu kuanzia pale. Mbali na hilo nati ndo inayopanga nyuzi zikae umbali gani kutoka mwenzake na mwenzake, na ndo inayoamua uzi ukae juu kiasi gani ya freti ya kwanza. Hilo la mwisho ndo lenye mambo.

Chukua mfano huu ambao najua wapigaji wengi wa kwaya watajiona. Umetyuni gitaa, app inaonyesha kijani nyuzi zote sita, safi. Unabonyeza kodi ya E major, yaani zile noti kadhaa zinazolia pamoja, mbaya. Unapiga tena nyuzi wazi, ziko sawa. Unarudi kwenye E, mbaya vile vile, unaanza kulaumu nyuzi, unalaumu funguo, wengine wanaenda mpaka kununua funguo mpya za bei. Kumbe kinachotokea ni hiki: mifereji ya nati iko juu sana, kwa hiyo ukibonyeza uzi wa tatu (tunahesabu kuanzia mwembamba) kwenye freti ya kwanza unaushusha safari ndefu kabla haujagusa chuma, na uzi ukishushwa unavutika, ukivutika sauti inapanda. Ile noti ya G# ndani ya E yako iko juu. Ukienda C major, ile C ya kwenye uzi wa pili freti ya kwanza nayo iko juu. Ukipanda freti ya 5, ya 7, shida inapungua mpaka inapotea, kwa sababu huko nati haina tena usemi mkubwa. Ndo maana mpiga solo anayeshinda huko juu kwenye sebene anaweza kukaa na gitaa bovu miaka na asijue, halafu siku akimwazima mwenzake wa ridhimu anayekaa na kodi za wazi ugomvi unaanza, kila mmoja anaona mwenzake hana sikio.

Upande wa pili, mfereji ukiwa chini sana uzi wazi unagonga freti ya kwanza, unasikia ule mlio wa mbu. Kujua kama ni nati au ni kitu kingine wala huhitaji fundi, weka kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote pamoja, freti ya kwanza. Ukiweka kapo umeitoa nati kwenye mchezo. Kama mbu kanyamaza, au kodi zilizokuwa zinalia ovyo sasa zimetulia, basi mwenye kosa umeshamjua. Kama bado, angalia unyoofu wa shingo, angalia briji, nati muache kwanza.

Kipimo kingine ni kubonyeza uzi katikati ya freti ya 2 na ya 3, halafu chungulia nafasi kati ya uzi na freti ya kwanza. Inatakiwa ibaki nafasi kama ya unywele, ukiugonga uzi pale kwa kidole usikie katiki kadogo. Hakuna nafasi kabisa, mfereji umeshuka mno. Unaona mwanga mpana, mfereji uko juu. Mi napenda hiki kuliko vipimo vya kununua.

Kuna na ugonjwa wa tatu, kunasa. Unakaza funguo, sauti haipandi, haipandi, mara tii! inaruka yenyewe imepitiliza. Au unavuta uzi kwenye solo, ukiuachia haurudi pale ulipokuwa, unabaki umeshuka. Hapo uzi unabanwa na mfereji, unateleza na kukwama kama droo mbovu. Magitaa yenye kichwa cha funguo tatu kila upande, wale wa mtindo wa Gibson, wanaugua sana hii kwenye uzi wa G, yaani wa tatu, sababu ukitoka tu kwenye nati unakunja kwenda pembeni. Hii si lazima ubadilishe nati, mara nyingi ni kuupanua mfereji kidogo sana na kupaka unga wa penseli. Penseli ya kawaida ya shule, ichonge, sugua ncha ndani ya mfereji. Kiini chake kina grafiti, inalainisha.

Kubadilisha kabisa ni pale ambapo imepasuka, imelika, au ni ile plastiki nyepesi ya magitaa ya bei rahisi ambayo ukiigeuza ndani ina uwazi. Za kuwekea badala yake ziko nyingi, plastiki ngumu, grafiti, shaba, na kuna ile ya kufunga nyuzi kwa skrubu aliyoitengeneza Floyd Rose miaka ya 1970 kwa ajili ya wanaocheza sana na mkono wa briji, ule wa kuyumbisha sauti, hiyo ni habari nyingine na inahitaji kuchimba shingo. Zamani kuna waliotumia pembe za ndovu, ila biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku mwaka 1989 chini ya mkataba wa CITES na hakuna mtu mwenye akili atakayelia kuikosa. Mfupa wa ng'ombe unafanya kazi vizuri kabisa. Mgumu, unang'ara, unachongeka, na unauzwa tayari umekatwa vipande. Unaweza kutoa kwa muuza nyama mfupa wa paja, uuchemshe, utoe mafuta yote, ukauke siku nyingi, ila mi nilifanya mara moja tu, na ile harufu ya kupiga tupa mfupa, kama jino likichokonolewa na mashine ya daktari, watu wa nyumbani hawajaisahau.

Tuje kwenye kuitoa. Hapa nina kidonda. Gitaa langu la kwanza la umeme fundi mmoja alishaibandika nati kwa supaglu, na si tone, alimwaga. Miaka baadaye nimeigonga itoke, imetoka na vipande vya mbao ya shingo imevishikilia kama kucha iliyong'olewa. Kwa hiyo kabla hujagonga chochote legeza nyuzi, pitisha wembe taratibu kuzunguka nati yote ukate vanishi na gundi, la sivyo rangi ya kichwa itabanduka nayo. Zile zinazokaa mwisho wa ubao wa freti, weka kipande cha mbao upande wa freti, gonga kidogo kwa nyundo ndogo kuelekea kichwani, inaachia. Zile za mtindo wa Fender zimekaa ndani ya mtaro uliokatwa kwenye ubao, zimebanwa mbele na nyuma, hizo unazisukuma zitokee ubavuni. Ikigoma usishindane nayo, chukua msumeno mwembamba, ikate katikati kwa urefu wake bila kugusa mbao chini, halafu ibane na plaizi, inajikunja kwa ndani na kutoka vipande viwili. Si kitu, ya zamani unaitupa hata hivyo. Kisha safisha gundi iliyobaki mpaka uione mbao, lakini usiupanue mtaro.

Nati mpya inachongwa kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo, kioo ndo kiko bapa kweli, meza yako haiko bapa hata ukiamini vipi. Unasugua, unajaribu, unasugua, mpaka iingie kwa kusukuma na kidole na ikae bila kucheza. Ikitaka nyundo kuingia bado nene, ukilazimisha unaweza kupasua shingo. Na chini iguse mbao urefu wote.

Halafu mifereji, na hapa ndo kazi yenyewe ilipo, kabla ya hapo ulikuwa unafanya useremala tu. Uzi wa kwanza na wa sita unaziweka kama milimita 3 kutoka ukingoni mwa shingo, ukiziweka nje sana uzi unateleza ukidondoka pembeni ukicheza. Katikati watu wanakosea kwa kugawa sawa kutoka katikati ya uzi mpaka katikati ya uzi, na nyuzi hazilingani unene, seti ya kawaida wa kwanza ni inchi 0.010 na wa sita ni 0.046, kwa hiyo zile nene zinajikuta zimebanana na nyembamba zina uwanja. Unachogawa sawa ni nafasi iliyo wazi kati ya uzi na uzi. Kama nati ya zamani ilikuwa imekaa vizuri nakili tu alama zake, hakuna aibu.

Tupa maalum za mifereji zipo na ni ghali, kila uzi na tupa yake. Mtaani kuna njia: vile visindano vya mafundi wa gesi vya kusafishia ncha ya kuchomelea, vina saizi tofauti na vina meno, vinakata mfupa na plastiki vizuri tu. Kwa nyuzi nene hata kipande cha uzi wa zamani wenye waya uliozungushwa kinakata ukikivuta mbele nyuma. Mfereji uwe mpana kidogo kuliko uzi, kidogo tu. Na ulale ukishuka kuelekea kichwani, ili uzi uiguse nati mwisho wake wa upande wa freti, pale pale hesabu ya freti inapoanzia. Ukiinamisha kinyume uzi unaachia nati nyuma zaidi, uzi wazi unakuwa mrefu kuliko ulivyotakiwa, ukiutyuni ukiwa wazi basi noti za kubonyeza zote zinakuwa juu, na juu ya hapo unapata mlio wa kukwaruza.

Kina unakitafuta taratibu, na hapo kwanza hakikisha shingo na briji umeshavirekebisha, maana ukivigusa baadaye kimo cha uzi juu ya freti kinabadilika na hesabu yako imekufa. Vuta tupa mara tatu nne, rudisha uzi, kaza, pima kwa ile njia ya freti ya 3, legeza, rudia. Inachosha. Ukiwa na fila geji, ile ya mafundi pikipiki ya kupimia vavu, lenga uzi wazi uwe juu ya freti ya kwanza kama nusu milimita upande wa nene na chini ya hapo upande wa nyembamba. Tofauti kati ya gitaa gumu na gitaa tamu pale ni sehemu mbili za kumi za milimita, na mfupa ukishautoa haurudi. Mi nati ya kwanza niliharibu uzi wa pili nikiwa nimebakiza huo tu, nilijiambia mvuto mmoja wa mwisho. Mbu. Nikajaza ule unga wa mfupa uliodondoka kwenye msasa, tone la supaglu juu, kikawa kigumu kama jiwe, nikachonga upya. Magadi soda ya kupikia nayo yanashika hivyo hivyo. Inadumu, ila si kama mfupa mzima, mi niliitumia miezi nikatengeneza nyingine.

Mwisho punguza juu, nyuzi nene zizame kama nusu ya unene wake tu, nyembamba zizame zote au karibu zote, kuta za mfereji zikiwa ndefu sana ndo zinabana. Pitisha msasa laini kwenye kona zisichome kidole gumba. Kisha gundi, na naomba hapa unisikilize, matone mawili madogo ya gundi nyeupe ya mbao chini yake, kaza nyuzi, acha zenyewe ziibane usiku kucha. Nguvu ya nyuzi ndo inaishikilia, gundi ni ya kuzuia isidondoke siku unabadilisha nyuzi tu. Kuna mtu atakuja kuitoa hiyo siku moja, na huenda ni wewe.