Kwa Nini Shilingi 20 Huitwa Mbao Nairobi?

Makanga, yaani kondakta, akining'inia mlangoni mwa matatu na kuita "Ngara mbao! Ngara mbao!", kila mkazi wa Nairobi anajua nauli ya kufika Ngara ni shilingi 20. Je, hela na mbao zilikutana wapi?

Maelezo yenye mashiko zaidi ni kwamba mbao hii ilianza kama pauni. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanzishwa mwaka 1921, shilingi 20 zilikuwa sawa na pauni moja. Kenya ikapata shilingi yake mwaka 1966, lakini serikali iliendelea kuhesabu bajeti kwa pauni za Kenya hadi miaka ya 1990. Wazee wetu wakazoea kuita shilingi 20 pauni, vijana wa mitaa ya Eastlands wakaligeuza neno likae vizuri mdomoni. Pauni yenyewe imezikwa. Hata noti ya shilingi 20 haipo tena, imebaki sarafu. Mbao inaitwa kila siku.

Ukiyafuatilia majina ya hela katika Sheng, lugha ya mitaani ya Nairobi, unagundua kuwa mengi yaliingia kupitia pale hela ya kiasi hicho ilipokuwa ikitoka mkono huu kwenda mkono ule. Elfu moja huitwa ngiri, na ngiri ndiyo elfu kwa Kikuyu, lugha ya wafanyabiashara wengi wa masoko ya jiji hili. Huitwa pia thao, kipande cha Kiingereza cha shuleni na ofisini. Mia ni soo. Kwa Kigujarati mia husemwa "so", na kwa kuwa Nairobi imekuwa na maduka ya Wahindi tangu reli ilipofika mwaka 1899, mimi naamini soo ilitoka kaunta hizo. Ashu ni kumi, kobole ni tano, finje ni hamsini, na ukisikia mtu anataja mita, jua anazungumzia milioni.

Lakini jina lenye historia nzito kuliko yote ni Jirongo, yaani shilingi 500. Desemba 1991 Kenya ilirudisha mfumo wa vyama vingi, na mwaka uliofuata Rais Daniel arap Moi akakabiliwa na uchaguzi wenye ushindani. Likaundwa kundi la kumpigia debe yeye na chama chake cha KANU, Youth for KANU '92, chini ya uenyekiti wa kijana aliyeitwa Cyrus Jirongo. Kundi hilo lilimwaga pesa nchi nzima, na noti za 500 zikatapakaa hata kwa watu ambao hawakuwa wamezizoea. Wananchi wakazibandika jina la mwenyekiti. Kwa mama mboga, mwaka 1993 ulikuja na uchungu: mfumuko wa bei ulipita asilimia 40. Kwa hiyo neno hilo si mzaha mtupu. Ni kumbukumbu ya uchaguzi na ya bei zilizoruka, na inanisikitisha kwamba vijana wengi wa leo hawalijui.

Majina ya hela yana nguvu hata ya kubatiza vitu vingine. Matatu ilipata jina kwa nauli yake ya zamani ya senti 30, yaani mapeni matatu ya senti kumi. Jirani zetu wa Dar es Salaam walifanya vilevile: daladala imetokana na dala, sarafu ya shilingi tano. Miji miwili, haikushauriana, ikaita magari yake ya abiria kwa kile abiria alichotoa mfukoni.

Hapo Dar, ngiri yako haitakufikisha mbali. Elfu moja ni buku, mia tano ni jero. Noti ya elfu kumi, kwa wekundu wake, huitwa msimbazi, kwa kuwa nyekundu ni rangi ya klabu ya Simba, yenye makao yake Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo.

Kuna majina yaliyopoteza hela yake kabisa lakini yakabaki. Ndururu ilikuwa sarafu ya senti tano, na hadi leo mtu aliyefilisika husema hana ndururu. Thumuni, senti hamsini, ni ya kale zaidi: asili yake ni neno la Kiarabu la sehemu moja ya nane, kwa sababu ilikuwa sehemu ya nane ya riale, fedha iliyotumika pwani kabla ya shilingi.

Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, hela nyingi Nairobi hazishikwi hata mkononi, ni tarakimu kwenye simu. Hata hivyo ujumbe unaokuja kabla ya tarakimu hizo bado unasomeka, "Buda, nitumie soo mbili."