Je, wajua kwa nini mkopo ambao halmashauri hutoa kwa kikundi, huko Tandahimba mkoani Mtwara, huanzia kwenye gunia la korosho?

Chukua gunia moja la korosho ghafi, kilo 80, limefika ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, huko Tandahimba mwezi wa kumi. Ili hesabu iwe nyepesi, tuseme bei inayotozewa ushuru ni shilingi 3,000 kwa kilo. Gunia hilo lina shilingi 240,000. Ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3, hivyo halmashauri inapata 7,200. Humo, asilimia 10 inatakiwa iende kwenye mikopo ya vikundi: shilingi 720. Wanawake wanapata 288, vijana 288, watu wenye ulemavu 144.

Shilingi 288 hazitoshi chai na chapati. Ili kikundi kimoja cha kina mama kikopeshwe milioni 5 kutokana na ushuru huo peke yake, zinahitajika gunia zaidi ya 17,000. Ndiyo maana msimu ukiwa mbaya, ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiriunga ukala maua au bei ikaanguka mnadani, hata mama anayefuga kuku na hana mkorosho mmoja anaambiwa "subirini kidogo, fungu halijakaa sawa."

Hiyo ndiyo siri ya mikopo ya asilimia 10: haitoki Dodoma, inatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri yenyewe. Zamani kutenga fedha hizo kulikuwa agizo tu, na halmashauri nyingi zililikwepa. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ilirekebishwa na mgawo wa 4-4-2 (asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) ukawa lazima, bila riba. Kinachokatwa ni asilimia 10 ya mapato yasiyolindwa, maana kuna makusanyo, kama ada za matibabu, ambayo yana kazi yake tayari. Ndiyo maana pia fungu la Newala si sawa na fungu la Kilwa. Newala inaangalia korosho. Kilwa ina gesi ya Songo Songo na samaki. Manispaa ya Mtwara-Mikindani inategemea zaidi biashara za mjini. Ukisikia kikundi cha wilaya jirani kimepata milioni 20 na chenu kimepata 4, usikimbilie kusema mna mkosi. Uliza kwanza halmashauri yenu imekusanya nini.

Siku ya kukabidhi, mgeni rasmi hushika hundi ya mfano, ubao mpana kuliko mlango, na watu hupiga vigelegele kana kwamba wamepewa zawadi. Mimi huwa nacheka kimoyomoyo. Zile ni gunia zenu zimewarudia, tena kwa deni. Marejesho nayo yanarudi kwenye mfuko uleule yakakopeshwe wengine, kwa hiyo kikundi kinachokula fedha kikatawanyika hakijamuibia mgeni rasmi, kimemuibia jirani aliye kwenye foleni.

Na walikuwepo waliotawanyika, na wengine ambao hawakuwahi kuwepo kabisa. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilitaja vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, na Aprili 2023 serikali ikasitisha mikopo nchi nzima. Iliporudi mwaka 2024, halmashauri 10 zilichaguliwa kujaribu kuitoa kupitia benki, na Mji wa Newala ni mojawapo. Kwingine iliendelea kupitia halmashauri, kwa kamati na uhakiki mkali zaidi.

Uhakiki huo ndipo wengi wanapokwama. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anataka katiba, muhtasari wa kikao wenye saini za wanachama, akaunti ya benki ya kikundi, utambulisho wa kijiji au mtaa, na andiko la mradi. Andiko ndilo mtihani. Niliwahi kusoma la kikundi cha kubangua korosho, limechapwa steshenari vizuri kabisa, lakini ukurasa wa tatu ukasema soko lao litakuwa "wakazi wa Morogoro mjini". Kijana wa steshenari alibadilisha jina la juu akasahau tumbo. Bora kurasa mbili za mkono zinazosema mnanunua korosho kwa nani, mnabangua kilo ngapi kwa siku, na nani kaahidi kuchukua mzigo.

Kikundi kilichoanza kwa VICOBA, yaani kuweka akiba na kukopeshana wenyewe kwa wenyewe, kina nafuu hapa. Kama mna sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na vitabu vya hisa vilivyojazwa tangu mwaka juzi, huo ni ushahidi kwamba mnajua kukopeshana na kurejesha.

Je, vipi kikundi kisichouza kitu, mfano vijana wa kujitolea wanaosafisha ufukwe Mikindani? Mkopo haukifai, maana usafi haulipi marejesho. Kinachofaa ni ruzuku, na milango yake ni mingine. Asasi yenye usajili inaweza kuomba kwa Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam inapotangaza nafasi. Kama wananchi wamepandisha boma la zahanati hadi kwenye lenta wakaishiwa bati, kuna Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009 na kamati yake huongozwa na mbunge. Mfuko huo unapenda kukuta nguvu za wananchi zimeshaonekana, kwa hiyo picha ya boma ina uzito kuliko barua ndefu.

Turudi kwenye korosho. Mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza Julai, lakini ushuru wa korosho huingia minada inapoanza, Oktoba na kuendelea. Anayeanza kuandika katiba Desemba, akisikia fedha zimeingia, anakuta wenzake wameshahakikiwa. Watu wa salfa, dawa ya kuzuia ubwiriunga, wakianza kupuliza mikorosho kabla ya minada, huo ndio muda wa kwenda benki kufungua akaunti ya kikundi.