Mpira Uliotiwa Chumvi Hauvimbi Zaidi Baharini

Wateja wanaoagiza pete za kuzibia, zinazoziba kwa kuvimba majini, zilizotengenezwa kwa mpira uliochanganywa na chumvi ya unga, hunijia na hoja ileile: kwa kuwa maji ya bahari nayo yana chumvi, basi pete itavimba zaidi huko kuliko katika maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Hoja hiyo nimeisikia hadi nimechoka.

Ukweli ni kinyume chake. Maji hupenya mpira polepole, molekuli moja moja, lakini ioni za chumvi, yaani chembe zake zenye chaji, hazipenyi. Kwa hiyo mpira huwa kama utando unaochuja, na kila punje ya chumvi iliyofungiwa ndani hugeuka tone la maji ya chumvi linaloendelea kuvuta maji mengine kwa osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando kuelekea penye chumvi nyingi zaidi. Katika nyuzijoto 25 za Selsiasi, maji yaliyoshiba chumvi ya mezani yana kanieneo ya osmosisi (nguvu ya kuvuta maji) ya takriban megapaskali 39, ilhali ya maji ya bahari ni kama 2.5 tu. Ndiyo maana jaribio la siku chache humdanganya mtu: punje zikiwa bado hazijayeyuka zote, tofauti kati ya mvuto wa 39 katika maji safi na wa 36.5 baharini (39 kutoa 2.5) ni ndogo mno kuonekana kwa macho. Hujitokeza baadaye, tone likishazimuka. Tuchukulie kwamba mpira, kwa kuvutika kwake, hulibana tone kwa megapaskali 1. Katika maji safi tone litakua hadi kanieneo yake ishuke kufikia 1. Baharini litasimama kwenye 3.5, likiwa na ujazo usiofika theluthi moja ya lile la kwanza. Tena, pete iliyokwisha kuvimba katika maji baridi, ukiihamishia baharini, husinyaa. Pete ijaribiwe katika maji yaleyale itakamotumika, na kwa muda mrefu. Sijui nilirudie hili mara ngapi.

Wengine hudhani toluini, kiyeyushi kitokanacho na petroli, hufanya kazi ileile ya maji, ila kwa kasi. Toluini haiyeyushi chumvi. Huingia katikati ya minyororo ya mpira yenyewe, na kinachoizuia ni mtandao wa viungo vya salfa vinavyofunga minyororo hiyo pamoja, mizania ambayo wanakemia Flory na Rehner waliiandikia mlinganyo mwaka 1943. Wala kuongeza ethanoli (alkoholi) katika maji si kujumlisha uvimbe, kwa sababu ethanoli hupunguza msukumo wa maji kuingia, na chumvi huyeyuka ndani yake kwa uchache mno.

Ama wanaosema "tia chumvi zaidi", wajue kwamba punje zikigusana hufungua njia hadi juu ya mpira, na chumvi huvuja. Kipimo cha mkato ni rahisi: pima uzito wa pete kabla ya kuilowesha, kisha ikaushe kabisa uipime tena. Uzito uliopungua ni, kwa sehemu kubwa, chumvi iliyokwisha kutoka.