Je, wajua kwa nini mtumishi wa serikali ya Marekani anaweza kushushwa daraja na mshahara usiguswe?

Idara mbili za serikali ya shirikisho zinaunganishwa. Mtumishi wa daraja la 12 anaambiwa nafasi yake imefutwa, sasa atafanya kazi ya daraja la 11. Siku ya malipo inafika, na mshahara haujapungua hata dola moja. Imekuwaje?

Ni kwa sababu hakukosa lolote. Sheria ya mageuzi ya utumishi wa umma ya mwaka 1978 inamtenga anayeshushwa kwa utovu wa nidhamu na anayeshushwa kwa kuwa muundo wa ofisi umebadilika. Huyu wa pili, mradi alikwisha kutumikia madaraja ya juu kwa wiki 52 mfululizo, anabaki na daraja lake la zamani kwa miaka 2. Hata pensheni na bima ya maisha vinahesabiwa kwa daraja hilo.

Miaka 2 ikiisha ndipo penye kona ambayo wengi hawaioni. Kama mshahara wake umepita kima cha juu cha daraja jipya, hanyang'anywi. Lakini kima hicho kikipanda, yeye anapata nusu tu: kikipanda dola 2,000, anaongezwa 1,000. Mwaka baada ya mwaka wenzake wanamkaribia, mpaka kima kinamfikia na ulinzi unakoma. Kwangu hilo ni la haki, maana mtu anapewa muda wa kupanga upya maisha yake, kodi ya nyumba na karo za watoto, bila kuporomoka ghafla.

Ngao hii hupotea kirahisi, na hapo ndipo ninapowaonea watu huruma. Anayeomba mwenyewe kushushwa haipati. Aliyepewa kwa maandishi nafasi halali ya daraja lake la zamani akaikataa, ameipoteza. Barua ya aina hiyo isomwe neno kwa neno kabla ya kujibiwa.

Na nafasi isipopatikana kabisa? Kwa kawaida anastahili taarifa ya siku 60. Kama bado hana haki ya pensheni ya papo hapo, hulipwa kiinua mgongo: mshahara wa wiki 1 kwa kila mwaka katika miaka 10 ya kwanza, kisha wiki 2 kwa kila mwaka unaozidi. Aliyetumikia miaka 12 anapata wiki 14, na aliyepita umri wa miaka 40 huongezewa, ila jumla haivuki wiki 52.