Mngurumo wa vitani uliotiwa studio

Wengi wanaotazama filamu za habari za Vita Kuu ya Pili ya Dunia huamini kwamba mngurumo wa ndege, mluzi wa bomu likishuka na mrindimo wa bunduki vilinaswa hukohuko angani. Sivyo. Picha za mapigano ya angani kwa kawaida zilipigwa bila sauti yoyote. Mitambo ya kurekodi sauti ilikuwa mizito, na kamera za mkononi zilinasa picha tu. Milio, muziki na msimulizi viliongezwa baadaye studio.

Chukua filamu ya The Memphis Belle ya mwaka 1944, iliyoongozwa na William Wyler, kuhusu ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu aina ya B-17 iliyoruka kutoka Uingereza. Ilipigwa kwa kamera za milimita 16, tena kwa rangi (vita havikuwa vyeusi na vyeupe, jamani), katika baridi iliyogandisha hata kamera. Mazungumzo ya wanahewa unayoyasikia, kana kwamba yametoka kwenye redio ya ndegeni, waliyarekodi wenyewe baadaye, wakiwa wamerudi salama Marekani. Na safari moja inayoonyeshwa imeunganishwa kwa vipande vya safari kadhaa.

Hata hivyo, anayeruka upande wa pili na kusema yote ni maigizo anakosea zaidi. Harold Tannenbaum, fundi sauti katika kikosi cha Wyler cha kupiga filamu, alishika kamera, akafa mwaka 1943 ndege aliyopanda ilipotunguliwa.