Picha haipigi hodi

Alasiri ya tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimebakiza mita chache kufika gatini Bwisya, kisiwani Ukara, kikitokea Bugolora. Ilikuwa siku ya gulio. Kivuko kilichoruhusiwa kubeba watu 101 kilipoteza watu zaidi ya 220. Ukara ni kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria. Msiba wa namna ile haubakizi ukoo.

Kwetu habari ya kifo ina mjumbe wake. Huchaguliwa mtu mzima, akafika, akapiga hodi, akaketi, akajulia hali, pengine akaomba maji. Huanza na "mgonjwa amezidiwa", na majirani nao wanasogea mmoja mmoja mlangoni. Mzunguko ule una kazi yake: habari ikishatua, pawe na mikono ya kumdaka anayeanguka. Picha ya maiti iliyorushwa kwenye kundi la WhatsApp humkuta mjane akichota maji, peke yake.

Vyumba vingi vya habari huamini kwamba ukishatia ukungu usoni umemsitiri marehemu. Mjini, labda. Kisiwani mtu hutambulika kwa kitenge alichoshonea sikukuu, kwa kandambili, kwa kovu la mguuni. Uso umefichwa, na bado kijiji kizima kimeshajua ni nani.

Sisemi waandishi wakae kimya. Ile namba 101 ilipaswa kutangazwa na kurudiwa, kwa kuwa ndiyo iliyowawezesha wananchi kuhoji kivuko kilijazwaje. Lakini kumwekea kipaza sauti mama aliyetoka kutambua mwili wa mwanawe na kumuuliza anajisikiaje hakumfunzi msikilizaji lolote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia unakataza kumshinikiza aliyepatwa na janga asimulie yaliyomkuta. Sasa fikiria asimulie mara tano, kwa kamera tano, kabla hajala.

Nao walio mbali wanaumia. Baada ya mabomu ya mbio za Boston, Marekani, mwaka 2013, watafiti walikuta kwamba waliofuatilia taarifa hizo saa 6 au zaidi kwa siku katika wiki ile walionyesha mshtuko mkubwa kuliko hata waliokuwapo kwenye tukio. Kwa watoto wadogo tuwe waangalifu zaidi: akiona kivuko kile kile kinarudiwa kwenye taarifa ya saa mbili usiku, mtoto anaweza kudhani kimezama kingine. Zima televisheni, mweleze kwa maneno machache ya kweli, kisha mwache aulize.

Inawezekana kufanya vingine. Dunblane, mji mdogo wa Uskoti, ulipopoteza watoto 16 na mwalimu wao waliopigwa risasi shuleni mwaka 1996, wanahabari waliombwa waondoke mjini kabla ya mazishi, na wengi wakaondoka.

Nanyi mliofiwa, mna haki ya kukataa. Kama mnavyomteua mtu wa kushika daftari la rambirambi, teueni mmoja wa kuzungumza na waandishi, asiwe mzazi wala mwenzi wa marehemu. Akae nje, karibu na njia, awapokee huko huko kabla hawajafika walipo akina mama mkekani.