Kujifunza miti kwa jirani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mvinje unaoupanda leo utakujibu baada ya miaka minne au mitano. Ukikosea nafasi au mbegu, huna habari mpaka siku dalali anaposimama shambani na kutikisa kichwa. Mkulima wa mahindi hukosea masika akajisahihisha vuli. Mwenye miti, Mungu akimjalia umri, atavuna mara sita au saba maishani mwake, basi. Ndiyo maana nasema sisi watu wa Mombasa tulio na vishamba vya miti Mwakirunge, Kwale au upande wa Kilifi tunahitaji kutembeleana kuliko wakulima wengine wote. Lakini kila ninapolizungumza hili barazani hapa Kisauni, hurudishiwa maneno yale yale. Acha niyajibu.

"Misitu ya watu binafsi ni mambo ya Ulaya"

Huko kweli ni jambo kubwa. Finland, zaidi ya nusu ya misitu ni mali ya watu binafsi na familia zao. Sweden ni karibu nusu. Marekani wamiliki wa namna hiyo ni karibu milioni 10, wengi wao wakiwa na kipande kidogo tu. Lakini sheria ya Kenya ya uhifadhi na usimamizi wa misitu ya mwaka 2016 nayo inataja misitu ya aina tatu: ya umma, ya jamii na ya binafsi. Na Pwani tulijua umiliki wa miti kabla ya sheria hiyo. Mtu aliweza kuwa na minazi yake kwenye ardhi ya mwenzake, mti una mwenyewe na udongo una mwenyewe.

Eka mbili za mvinje si msitu wa kupotelea ndani. Maswali, hata hivyo, ni yale yale anayojiuliza yule wa Finland: nipande nini, nipunguze lini, nimuuzie nani, na nikifa nani ataitunza.

"Muulize mtaalamu, jirani atakupoteza"

Hapa ndipo penye mengi ya kusema. Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, ina kituo chake Gede, na kwa mbegu na ushauri sijui pa kwenda pengine pazuri zaidi kwetu. Mtaalamu atakwambia kwamba mizizi ya mvinje ina vinundu, na ndani yake wanaishi bakteria waitwao Frankia, wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuulisha mti. Ndiyo sababu mvinje husimama kwenye mchanga ambao muhindi ungekufa.

Hayo niliyasikia na kuyaelewa. Niliyaona kwa macho kwa mama mmoja jirani yangu wa shamba. Alichuchumaa chini ya mvinje mzee, akafukua kwa panga kina cha kiganja, akatoa mzizi wenye kishada cha vinundu kama tangawizi changa. Udongo ule ule akautia kwenye ndoo. "Huu ndio unaouchanganya na wa kitalu, mwanangu. Ukitumia mchanga mtupu wa barabarani, miche itabaki ya manjano na hutajua kwa nini." Kisha akanionyesha meza ya kitalu chake. Kila mguu umesimama ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari. Mbegu za mvinje ni nyepesi mno, kilo moja hubeba laki kadhaa, na sisimizi huzibeba usiku kucha. Mimi nilikuwa nimeshamwaga mbegu mara mbili na kuamini nimeuziwa mbovu. Mara ya kwanza huenda ilikuwa kweli, kwani mbegu za mvinje zikikaa miezi michache kwenye joto letu hupoteza nguvu ya kuota. Mara ya pili walikuwa sisimizi.

Ushauri wa mtaalamu niliupata mapema. Ulianza kufanya kazi siku nilipoona meza ile.

"Basi jirani anatosha"

La. Jirani akikosea, kosa nalo husambaa, tena kwa kasi, kwa sababu tunamwamini. Kwetu ilienea kauli kwamba mvinje ukikatwa utachipua wenyewe, usipande tena. Aliyeianzisha alikuwa na mkaratusi, na mkaratusi kweli huchipua kwenye kisiki, hata mwarobaini. Mvinje huu wetu wa ufukweni huchipua kwa shida, na machipukizi yake huwa dhaifu. Watu watatu wakaacha visiki vyao wakingoja, msimu mzima wa mvua ukapita bure. Mzee mmoja aliyewahi kulijaribu jambo hilo miaka ya nyuma ndiye aliyetupeleka shambani kwake, tukaviona visiki vimeliwa na mchwa. Tangu siku hiyo tuna swali moja ambalo halimkasirishi mtu: umeliona wapi, na tunaweza kwenda kupaona?

Na mti ukianza kukauka kutoka juu wakati wa jirani ni mzima, hapo si pa kubahatisha. Kata kipande, kipeleke kwa wanaojua magonjwa.

"Wenzako ni washindani, usiwaambie bei"

Mwaka nilioficha bei ndio mwaka niliopata hasara. Dalali aliniambia shamba zima lina fito tupu, nami nikamuuzia miti ikiwa imesimama. Majina yetu ya nguzo tumeyarithi kutoka biashara ya mikoko, ile iliyokuwa ikipakiwa majahazini kwenda Arabuni: fito, iliyo nyembamba kuliko zote, kisha pau, mazio, boriti, nguzo. Kila jina ni unene wake na bei yake. Asiyepima hupimiwa.

Aliyenifundisha kupima ni jirani niliyekuwa nikimficha. Chukua uzi, zungusha mti kwenye usawa wa kifua, pima uzi kwa rula, gawanya kwa 3.14. Uzi wa sentimita 38 ni kipenyo cha sentimita 12, na kwa vipimo vya mikoko hiyo ni boriti. Hesabu mti mmoja mmoja, andika, ndipo umwite mnunuzi. Zaidi ya hapo, lori haliji kwa nguzo sitini. Tukivuna wanne wiki moja, linakuja.

"Mtandao wa wenye miti maana yake semina na posho"

Nimekaa kwenye semina hizo, na chai ilikuwa nzuri. Lakini angalia jimbo la New York linavyofanya tangu 1991: wenye misitu wanaojitolea hufunzwa, kisha wakiitwa na mwenzao huenda kutembea naye katika msitu wake bila malipo. Hawauzi kitu wala hawamwamulii. Wanatembea naye, wanamuuliza anataka nini, wanamwelekeza pa kupata msaada. Huku kwetu tuna shamba darasa, mbinu iliyoanzia kwenye mpunga wa Indonesia mwaka 1989 na ambayo baadaye Kitui na Mbeere waliitumia kwa miti. Watu hukutana kwenye shamba la mmoja wao, huchunguza, hubishana, hurudi tena. Gharama ni nauli na mihogo ya kuchemsha.

Kundi la WhatsApp husaidia kupanga siku. Picha ya mche haikuonyeshi udongo.

"Miti ni mambo ya wanaume"

Mama wa makopo ya oili amekwisha kulijibu hili. Niongeze tu kwamba Oregon, Marekani, Chuo Kikuu cha Jimbo kilianzisha mtandao wa wanawake wenye misitu mwaka 2005, ili wapate pa kuuliza bila kukatizwa. Nasi tungefanya vyema kuwaacha wamalize sentensi zao.

"Majani ya mvinje ni takataka, yachome"

Hili nalitaja kwa uchungu, maana kila kiangazi naona moshi. Nenda Bamburi, kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji ambayo René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kuyapanda miti mwaka 1971. Alijaribu aina 26, zikastahimili tatu, mvinje ukiwa mmojawapo. Tatizo likawa majani yake: yalilundikana bila kuoza. Akaleta jongoo wenye miguu myekundu, wakala majani, na kinyesi chao kikawa udongo. Pale sasa ni bustani ya wanyama, na watoto wetu wote wamepelekwa na shule kuona viboko na kobe. Tulipokwenda sisi wenye miti, tuliinama chini tukafukua. Wanne waliacha kuchoma mwaka ule ule.

"Shamba langu ni dogo na nimeharibu, sina la kuonyesha"

Robo ya shamba langu nilipanda kwa kusongamanisha, hatua moja baina ya mti na mti, kisha nikaona huruma kupunguza. Nilitaka kuing'oa kwa aibu. Mzee wa visiki akanizuia: "Iache, ndugu yangu, hiyo ndiyo watakayokuja kuiona." Sasa kila mgeni huanzia hapo. Nampa uzi, naye anazungusha mti autakao, kisha tunavuka kijia hadi upande niliopunguza mwaka wa pili. Miti yote ni ya siku moja, kutoka kitalu kimoja. Mgeni wa mwisho alipima sentimita 19 upande ule na 41 upande huu, akarudi kupima tena.